Yosefu Alipokea Wageni Wake Namna Gani?

Habari ya Yosefu mwana wa Yakobo mnaijua tangu katekisimu. Watoto wanaipenda kwa ajili ya kanzu na ndoto, wakubwa wanaipenda kwa ajili ya msamaha. Imeandikwa katika Kitabu cha Mwanzo, toka sura ya 37 mpaka sura ya 50. Leo sitasema juu ya kanzu, wala juu ya ndoto, wala juu ya mke wa Potifari. Nataka tutazame jambo moja ambalo wengi wanalipita mbio: Yosefu alikuwa mtu wa kazi katika nchi ya kigeni, na siku moja jamaa zake walifika mlangoni pake. Aliwapokea namna gani? Je, tunaonyeshwa mfano mwema, ao mfano wenye kasoro?

Ulizo hili si la mchezo. Watu wetu wengi siku hizi wanafanya kazi mbali na kwao: Bruxelles na Liège, Paris, Johannesburg, Lusaka, Montréal. Na huku nyuma, katika Bukavu na Kalemie na Lubumbashi, jamaa wanapenda kumwita aliye mbali "Yosefu wetu". Jina hili ni la sifa, lakini ni deni pia. Maana yake: wewe umefika penye ghala, basi fungua. Mama anataka kuja kuona wajukuu. Kaka anataka kuja kupimwa na daktari. Mtoto wa shangazi anataka kupita siku chache tu. Na yule aliye mbali akikawia kujibu, anasomewa habari ya Yosefu kwa simu, kama vile anasomewa hukumu.

Wengine wanaisoma habari hii kinyume. Hao wanapenda sura ya 42, pale Yosefu anaposema na ndugu zake kwa ukali na kuwatia kifungoni siku tatu. Wanasema: "Tazameni, hata Yosefu aliwapima kwanza." Kisha wanabadili namba ya simu, na jamaa hawawapati tena.

Mimi naona ya kuwa hawa wote wawili wanasoma nusu. Wa kwanza wanasoma ghala, lakini hawasomi hesabu iliyowekwa mlangoni pa ghala. Wa pili wanasoma ukali, lakini hawasomi machozi. Basi, tuisome habari yenyewe polepole.

Mtu aliyesahaulishwa kwao

Yosefu alikuwa na miaka 17 wakati ndugu zake walipomwuza. Alipewa ukubwa katika Misri akiwa na miaka 30. Halafu ikapita miaka saba ya shibe, na njaa ikaanza. Fanyeni hesabu: ndugu zake walipofika kununua ngano, miaka 20 na zaidi ilikuwa imepita. Katika miaka ile Farao alimpa jina la Kimisri, akamvika kitani, akamwoza binti wa kuhani wa mji wa On. Mtoto wake wa kwanza alimwita Manase. Yosefu mwenyewe anaeleza maana ya jina: Mungu amemsahaulisha taabu yake yote na nyumba yote ya baba yake. Angalieni vema neno hili. Kila alipomwita mtoto waje kula, alitangaza ya kuwa habari za kwao zimekwisha.

Na sasa kwao kunamfikia, na magunia matupu begani. Yeye anawatambua, wao hawamtambui. Anasema nao kwa njia ya mkalimani, ingawa anaisikia kila neno la lugha yao. Wanasemezana mbele yake juu ya dhambi yao ya zamani, wakidhani hawasikiki. Hapa ndipo mwandikaji anapoonyesha hekima yake. Hatuelezi mawazo ya Yosefu kwa maneno mengi. Anasema tu ya kuwa aligeuka akaenda kando akalia, kisha akarudi.

Tukifuata machozi yale katika sura zote, tutaona jambo la ajabu. Yosefu analia anapowasikia ndugu zake wakilaumiana. Analia chumbani anapomwona Beniamini. Analia kwa sauti kubwa anapojitambulisha. Analia shingoni pa baba yake. Analia baba anapokufa, na tena ndugu wanapomwogopa baada ya maziko. Lakini mwandikaji hasemi pahali popote ya kuwa Yosefu alilia gerezani. Machozi yalitoka siku jamaa zake walipofika. Kila mtu aliyekaa mbali miaka mingi anajua ya kuwa neno hili ni kweli. Wageni wakileta masanduku yao wanaleta pia kila kitu ulichokizika ili upate kuishi.

Na ukali wake je? Sitaki kumtetea katika kila jambo. Simeoni alibaki kifungoni, na mzee Yakobo katika Kanaani alilipa bei ya kipimo kile kwa huzuni kubwa, ingawa hakuwa na kosa katika kuuzwa kwa Yosefu. Wanaopenda sura ya 42 wamkumbuke mzee yule. Lakini kipimo kilikuwa na shabaha: Yosefu alitaka kujua kama ndugu zake watamwacha Beniamini sawa na walivyomwacha yeye. Na Yuda aliposimama akajitoa awe mtumwa pahali pa mdogo wake, kipimo kilikwisha saa ile ile. Kipimo kisicho na mwisho huitwa kisasi, hata kama mwenyewe anakiita busara.

Meza tatu

Katika sura ya 43 Yosefu anaagiza mnyama achinjwe. Wageni wanapewa maji ya kunawa miguu, na punda zao wanapewa majani. Lakini wageni wenyewe wanaogopa kuingia. Wanasimama mlangoni na kumweleza msimamizi wa nyumba habari ya fedha iliyoonekana katika magunia yao, kwa sababu wanadhani wanapelekwa kufanywa watumwa. Nyumba kubwa haiwafurahishi hata kidogo, inawatisha. Sisi tunadhani mgeni wetu atafurahia jiko lisilo na moshi na ngazi inayopanda yenyewe. Mara nyingi mgeni anaogopa kugusa vitu, na anaona haya kuuliza.

Halafu chakula kinaletwa, na meza zinatengwa: Yosefu peke yake, ndugu zake peke yao, Wamisri peke yao, kwa sababu kwa Wamisri kula pamoja na Waebrania ilikuwa chukizo. Kwangu mimi mstari huu una huzuni kuliko mistari yote ya sura hii. Tazameni meza ya Yosefu. Hali na ndugu zake, wala hali na Wamisri. Yuko katikati, mwenye nyumba asiye na wenzi wa kula nao. Ndiyo hali ya mtu wa ugenini: watu wa pale wanamwona mgeni, na watu wa kwao wanamwona mtu wa pale.

Alifanya nini basi? Desturi ya meza hakuweza kuivunja kwa siku moja. Lakini alifanya mambo mawili yaliyokuwa katika uwezo wake. Kwanza, wageni waliketi kadiri ya umri wao, mzaliwa wa kwanza mbele na mdogo nyuma, hata wenyewe wakashangaa. Heshima ya wakubwa kama kwao ilishikwa katika nyumba ya Kimisri. Pili, sahani zao zilitolewa kwenye meza yake mwenyewe. Kwa hiyo, ingawa meza zilikuwa mbali, chakula kilikuwa kimoja.

Nyumba nyingi za watu wetu ng'ambo zina meza tatu, na hakuna Mmisri aliyeziweka. Baba anarudi kutoka kazi ya usiku, anakula amesimama. Watoto wanakula chumbani wakisema Kifaransa peke yao. Babu aliyetoka Uvira anaketi mbele ya televisheni, sahani ya bukari na sombe juu ya magoti, na hakuna anayemwuliza neno. Sheria ya kazi ya usiku hatuwezi kuivunja. Lakini tunaweza kuweka meza moja siku ya Bwana, baada ya Misa, mkubwa akiketi pahali pa mkubwa, na watoto wakisema naye kwa lugha anayoisikia, hata kama wanaisema vibaya.

Farao aliambiwa kweli

Sasa tunafika pahali ambapo, kadiri ya mawazo yangu, habari hii inapita habari nyingi za ukarimu. Yosefu hakuwaficha wageni wake. Sauti ya kilio chake ilisikika mpaka nyumba ya Farao. Halafu Farao mwenyewe akatoa ruhusa, na magari yakatumwa kuchukua mzee na wanawake na watoto. Ngano ile haikutoka ghalani usiku kwa mlango wa nyuma. Yosefu alikuwa na ufunguo wa ghala zote za Misri, lakini ghala hazikuwa zake. Kwa hiyo alingoja neno la mwenye mali.

Tena kuna jambo la pili. Alipowatayarisha ndugu zake kuonana na Farao, aliwafundisha kusema kweli juu ya kazi yao, ya kuwa ni wachungaji. Na mwandikaji anatuambia wazi ya kuwa Wamisri waliwachukia wachungaji. Ingekuwa rahisi kwake kusema: "Semeni ninyi ni wafanya biashara." Hakufanya hivyo. Tena akamwingiza baba yake mbele ya mfalme, mzee wa miaka 130. Mzee hakuomba kitu. Alimbariki mfalme alipoingia, akambariki tena alipotoka. Mwenye kuona haya kwa ajili ya wazazi wake asome mistari ile mara mbili.

Siku hizi Farao ana makaratasi. Mgeni anayetoka Kongo kwenda Ubelgiji, ao nchi nyingine ya mapatano ya Schengen, anapewa viza ya siku zisizopita 90 katika siku 180. Anapashwa kuwa na bima ya ugonjwa isiyopungua euro 30,000. Katika Ubelgiji, mwenyeji anaweza kutia sahihi karatasi ya dhamana, na serikali inaangalia kama mshahara wake unatosha. Akiisha kutia sahihi, anaweza kudaiwa matumizi ya mgeni, ya hospitali, ya malazi na ya kurudishwa kwao, kwa muda wa miaka miwili. Wengi wanatia sahihi bila kusoma, kwa sababu mama analia kwa simu. Na wengine wanasoma vizuri, lakini wanajua tangu mwanzo ya kuwa mgeni hatarudi, ingawa wameandika ya kuwa anakuja kutembea tu.

Sheria hizi ni ngumu, na haikatazwi kusema hivyo. Mwanamke anaweza kufagia ofisi za watu miaka mingi, na siku mtoto wake anabatizwa bibi asipate viza, kwa sababu mshahara wa mfagiaji haukutosha. Ni haki kulalamika, ni haki kuomba sheria ibadilishwe. Lakini uwongo ni njia mbaya ya kumpokea mgeni, kwa sababu unamfanya mgeni mwenyewe kuwa mfungwa. Siku 90 zikiisha, anaogopa polisi, anaogopa kuugua, anaogopa kubisha hodi kwa jirani. Yule uliyemleta apate kupumzika, umempa nyumba isiyo na madirisha. Yosefu alitaka ndugu zake watembee mchana katika nchi ya Misri, na ndiyo sababu aliwapeleka mbele ya Farao.

Gosheni, na hesabu ya vinywa

Walifika watu 70. Yosefu hakuwaweka katika nyumba yake. Aliwapa nchi ya Gosheni, karibu naye lakini si chini ya dari yake, pahali palipofaa kwa makundi yao. Aliwapa chakula, na mwandikaji anaongeza neno dogo ambalo wasomaji wengi hawalioni: kadiri ya hesabu ya watoto wao. Yaani kulikuwa na kipimo. Mwenye vinywa vingi alipata vingi, mwenye vichache alipata vichache. Ukelele wa mtu haukumwongezea posho. Tena Farao aliuliza kazi yao, akataka walio hodari kati yao wawe wasimamizi wa ng'ombe wake.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine wanadhani methali hii ni ya watu wagumu, haifai kwa Mkristu. Wanakosa. Katika maandiko ya kwanza ya Wakristu, nje ya Agano Jipya, kuna kitabu kidogo kiitwacho Didakè, yaani Mafundisho ya Mitume. Kilipotea karne nyingi, kikaonekana tena Constantinople mwaka wa 1873, kikachapwa mwaka wa 1883. Kitabu hiki kinaagiza ya kuwa msafiri apokewe na kusaidiwa, akae siku mbili ao tatu. Akitaka kubaki, naye ni mtu wa ufundi, afanye kazi na kula. Wazee wa pwani na Wakristu wa kwanza hawakuonana kamwe, lakini walikata shauri moja. Na Mtakatifu Benedikto, anayetaka kila mgeni apokewe kama Kristu mwenyewe, ni yeye yule anayeagiza, katika sura ya 53 ya Kanuni yake, jiko la abati na la wageni liwe pembeni, kusudi wageni wanaofika saa isiyojulikana wasiwasumbue ndugu wa monasteri. Hakuona ubishi kati ya kumpenda mgeni na kulinda utaratibu wa nyumba.

Lakini hapa tuangalie, tusipige wote kwa fimbo moja. Ndugu za Yosefu walikuwa watu wenye nguvu, walipewa kazi. Yakobo hakupewa kazi. Alikaa Misri miaka 17, akafa akiwa na miaka 147. Miaka 17! Ndiyo hesabu ile ile ya umri wa Yosefu alipouzwa. Baba alimlisha mwana miaka 17, mwana akamlisha baba miaka 17 katika Misri. Mwandikaji hatuelezi fumbo hili, anatuachia tuhesabu wenyewe. Kwa hiyo mzazi si mgeni wa jembe. Anakula cha kwake, alichokiweka zamani.

Kuna upungufu mmoja hapa, nao nausema. Ndugu walimwambia Farao ya kuwa wamekuja kukaa kama wageni. Yosefu mwenyewe alikuwa amewaita kwa sababu ya miaka mitano ya njaa iliyobaki. Njaa ikaisha, na katika habari yote hakuna aliyesema: "Turudi sasa", wala aliyesema: "Tubaki." Walibaki tu. Baba alipokufa walimpeleka Kanaani kumzika, wakarudi tena Misri. Namna hii wiki tatu zinageuka miaka mitatu. Hakuna siku ya shauri. Mwenyeji anangoja mgeni aseme, mgeni anangoja mwenyeji aseme, na katikati chuki ndogo inaota kama majani katika shamba lisilolimwa. Afadhali neno la siku ya kurudi lisemwe kwa upole kabla ya kununua tikiti, kuliko kusemwa kwa hasira jikoni.

Watu wawili wasiotajwa

Sasa nafika penye lawama kubwa. Habari hii, pamoja na uzuri wake wote, inawanyamazia watu wawili.

Wa kwanza ni Aseneti, mke wa Yosefu. Tunajua jina lake, jina la baba yake, na majina ya watoto wake wawili. Basi. Ndugu 11 wanakula nyumbani mwake, kisha wanafika watu 70, na hakuna mstari mmoja unaotuambia kama aliulizwa, kama alichoka, kama alifurahi kumwona mkwe wake. Hata mzee Yakobo anapowafanya Efraimu na Manase kuwa wanawe mwenyewe, katika sura ya 48, mama yao hasemi neno, maana hayupo.

Wasomaji wa zamani waliona pengo hili. Kuna kitabu cha Kigiriki cha kale kiitwacho Yosefu na Aseneti. Hakimo katika Maandiko Matakatifu, na jina la aliyekitunga halijulikani. Humo Aseneti anakwenda pamoja na mume wake kumwamkia Yakobo katika Gosheni, na mzee anamkumbatia na kumbariki. Yule mtungaji alijua ya kuwa mapokezi hayatimii mpaka mke wa nyumba aonane na baba mkwe uso kwa uso. Mwandikaji mwingine, Thomas Mann wa Ujerumani, aliitunga upya habari ya Yosefu katika vitabu vinne, toka mwaka wa 1933 mpaka 1943. Yeye mwenyewe alikuwa amekimbia nchi yake, na kitabu cha mwisho alikimaliza katika California. Kaka yake Heinrich alimfuata Marekani mwaka wa 1940, akaishi kwa msaada wa mdogo wake mpaka kufa kwake mwaka wa 1950. Mdogo akimlisha mkubwa, sawasawa na katika Misri.

Katika nyumba zetu ulizo la Aseneti ni la kila siku. Mume anasema kwa simu: "Karibuni, njooni wote." Lakini anayetandika vitanda, anayepika mara mbili kwa sababu mgeni hali chakula cha watoto, anayempeleka mama mkwe kwa daktari na kumwelezea lugha, ni mke. Naye anafanya kazi nje pia. Akilalamika, anaitwa mwanamke asiyependa ndugu. Hilo si haki. Katika ndoa ya Kikristu watu wawili ni mwili mmoja. Basi mdomo unaomkaribisha mgeni hauwezi kuwa wa mmoja, na mgongo unaomhudumia uwe wa mwingine.

Wa pili ni jirani, Mmisri wa kawaida. Sura ya 47 inasema jamaa ya Yosefu walipewa chakula. Mara moja, katika mistari inayofuata, Wamisri wanalipa fedha zao, halafu mifugo yao, halafu mashamba yao na miili yao, kusudi wapate kula. Anayewauzia ni Yosefu. Mwandikaji ameweka habari hizi mbili kando kando bila kusema neno. Wengine wanasema ni bahati tu. Mimi sidhani. Nadhani alitaka tuone. Maana tukifungua Kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza, tunakuta mfalme mpya asiyemjua Yosefu, na watu wa Gosheni wanageuzwa watumwa. Yosefu alifanya mapatano na Farao, lakini hatusomi ya kuwa alifanya urafiki kati ya jamaa zake na majirani.

Sisi watu wa Kongo hatuhitaji kwenda Misri ili tufahamu. Reli iliyofika Port-Francqui mwaka wa 1928, pahali panapoitwa leo Ilebo, iliunga Kasai na Katanga. Watu wa Kasai walikuja kufanya kazi katika migodi na kwenye reli, na wengi waliwaita jamaa zao, waliowapokea katika nyumba zao. Walizaa watoto na wajukuu huko. Na mwaka wa 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala vituoni wakingoja gari la moshi, na wengi walikufa. Sisemi hata kidogo ya kuwa walistahili. Kufukuza watu namna ile ni dhambi, na dhambi ni ya wafukuzaji. Ninasema tu ya kuwa mgeni aliye na rafiki mmoja mkubwa, hata akiwa Farao, yuko katika hatari. Ukimpokea kaka yako ng'ambo, mpeleke kwa jirani wa chini umtaje kwa jina lake. Mpeleke parokiani awaone wazee wanaosali pale. Umwonyeshe watu pamoja na maduka.

Mkate bila neno

Namalizia na mistari ya sura ya 50, baada ya kumzika Yakobo. Wale ndugu, waliokula mkate wa Yosefu miaka 17, wanaogopa. Wanadhani ya kuwa alikuwa anamngojea baba afe apate kulipa kisasi. Wanatuma maneno kwa mjumbe, kisha wanakuja kuanguka mbele yake. Na Yosefu analia.

Kwa nini analia? Nadhani anaona ya kuwa magari, na ngano, na nchi nzuri ya Gosheni, havikutosha. Amewalisha miaka yote ile, na mioyo yao ilibaki palepale kwenye shimo walipomtupa. Ndipo anasema nao maneno ya kuwatuliza, na mwandikaji anaeleza ya kuwa alisema na mioyo yao. Ghala ilikuwa imefunguliwa zamani. Neno hili la mwisho ndilo lililokawia.

Basi, ninyi mnaomwita ndugu yenu "Yosefu", someni habari nzima: muone hesabu ya vinywa, muone kazi waliyopewa wenye nguvu, na muone kwamba hakuna aliyemwibia Farao. Na wewe uitwaye Yosefu, usijifiche nyuma ya mkalimani. Kadiri ya uwezo wako mpokee mgeni wako mchana, mbele ya sheria na mbele ya majirani, baada ya kupatana na Aseneti wako. Mwambie siku ya kufika na siku ya kurudi. Na kabla siku ya kurudi haijafika, keti naye usiku mmoja mseme yale mambo ya zamani ambayo ninyi wote wawili mnayajua, na ambayo hakuna aliyethubutu kuyataja. Usingoje mpaka mzee amekufa.